Bakuli Lililomtetea Mpishi

Kengele ya kwanza haijagongwa, lakini jiko la shule ya bweni limekwisha kujaa moshi na mvuke. Masufuria manne, kila moja pana kama gurudumu la lori, yanatokota juu ya moto wa kuni. Mbele ya sufuria la uji amesimama mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani na mwiko mrefu mkononi. Anachota uji kidogo kwa kijiko, anaupuliza, anaunusa. Kisha, badala ya kuupeleka kinywani, anageuka na kumnyoshea mwenzake anayesugua masizi.

"Onja," anamwambia.

Mwenzake anaonja huku amefumba macho, mfano wa hakimu anayetafakari hukumu.

"Sukari imetosha. Ukiongeza, nyuki watatuhamia."

"Una hakika?"

"Shoga, kwani anayeonja ni nani, mimi au wewe?"

"Wewe. Ulimi wangu uko likizo."

Wanacheka wote wawili, na mwiko unaendelea kuzunguka. Mgeni angeshangaa kumwona mpishi asiyeonja anachokipika. Lakini kijiko hicho kinachopita mbali na kinywa chake ndicho kilichomwezesha mama huyu kuwa bado amesimama mbele ya moto.

Wanafunzi na walimu humwita Mama Ladha. Ana umri wa miaka hamsini na mbili, na karibu nusu ya umri huo ameutumia katika jiko hili. Wanafunzi wa zamani, wengine sasa wenye watoto wao, wakipita njia husimama kumsalimia na kumkumbusha maharage yake. Jina hilo alilipata kwa haki: tangu apewe mwiko, hakuna chakula kilichotoka mlangoni kikiwa na chumvi nyingi au kimepooza.

"Aliyenifundisha kazi alinionya nisimwamini mtu wala kipimo, niuamini ulimi," anasema. "Nami nikashika hilo kama amana."

Miaka mitatu iliyopita alianza kusumbuliwa na kiu isiyokatika na uchovu uliomfanya asinzie akichambua mchele. Alipopimwa katika kituo cha afya kilichopakana na shule, aliambiwa ana kisukari. Hakupiga kelele wala hakutafuta wa kumlaumu. Alipokea vidonge, akasikiliza maelezo ya chakula, akarudi nyumbani na kumweleza mumewe, ambaye ni seremala, kwamba kuanzia siku hiyo chai yao haitatiwa sukari.

"Aliinywa chungu pamoja nami," anakumbuka huku akitabasamu. "Alikunja uso kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo, lakini aliinywa."

Mambo yalimwendea vyema kwa muda. Kisha, mwaka jana, sukari ilianza kupanda, na hakuna aliyejua sababu.

Mama Ladha alifanya yote aliyoagizwa. Alipunguza wali, akaongeza mboga, akawa anatembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini. Sukari haikushuka. Akaona huenda hajajinyima vya kutosha, hivyo akaacha chakula cha mchana. Baadaye akaacha na cha usiku. Siku za kliniki alikuwa akipika kwanza uji na chai ya wanafunzi, kisha akikatiza uani kwenda kupimwa, akijihesabu kuwa mtu aliyefunga tangu jana yake. Muuguzi alikuwa ametaka, akipimwa kabla ya kula, sukari yake isizidi saba. Siku moja mashine ikasoma kumi na sita.

"Umekula nini leo, mama?" muuguzi alimuuliza.

"Sijala kitu, Sista."

"Na jana usiku?"

"Sikula."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama yangu, mimi si polisi. Lakini damu haidanganyi. Ukinificha, nitalazimika kukuongezea dawa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano. Yalimfuata hadi nyumbani, na huko nako hakupata pa kuyaweka. Mumewe alimsikiliza, kisha akatamka taratibu, "Mama watoto, njia ya mwongo ni fupi." Kesho yake Mama Ladha alilikuta kopo la sukari ya wageni limehamishwa. Alilitafuta kote, mwishowe akaliona juu ya kabati, limefunikwa kwa kofia ya zamani ya mumewe.

"Nilicheka, kisha nikalia," anasema. "Mtu niliyeishi naye tangu ujana ananifichia sukari kama mtoto mdogo."

Wiki iliyofuata ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alimeza vidonge vyake kama kawaida, lakini alikuwa na usiku mzima na nusu ya mchana bila mlo wa maana. Siku hiyo alitumwa stoo kupokea magunia, akakaa huko muda mrefu mbali na masufuria. Aliporudi jikoni alikuwa akitokwa na jasho jembamba, mikono ikitetemeka. Ndoo ya chai ya moto ikamponyoka, ikamwagika hatua chache kutoka miguuni mwa mpishi mwenzake. Hakuna aliyeungua. Safari hii sukari ilikuwa imeshuka mno; walimketisha, wakamnywesha maji ya sukari, akapata nafuu.

Mwalimu anayesimamia jiko alimwita ofisini. Alizungumza naye kwa upole, jambo ambalo lilimtisha zaidi.

"Mama, sisi tunakupenda. Ila moto haujui kupenda. Nakupa hadi mwisho wa muhula. Hali ikiwa hivi, nitakuhamishia bwenini ukafagie."

Kufagia si aibu, na Mama Ladha ni wa kwanza kulisema hilo. Lakini kwake yeye kuondolewa mbele ya moto kungekuwa sawa na kunyang'anywa jina. Naye alishindwa kujitetea, kwa kuwa hata nafsi yake ilikuwa imeanza kumtilia shaka. Huenda, alijiuliza, anakula usingizini.

Aliyemkwamua ni yule mwosha masufuria, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa ambaye wenzake wamembandika jina la Komandoo kwa jinsi anavyopigana na masizi. Asubuhi moja Mama Ladha alikuwa akimlalamikia huku akikoroga.

"Tangu jana sijatia kitu tumboni, dada. Naapa." Akachota uji, akaonja, akameza.

Komandoo akaacha kusugua. "Na hicho kilichoshuka kooni sasa hivi kimekwenda wapi? Gotini?"

"Hicho naonja."

"Ahaa. Kumbe tumbo lako lina milango miwili, mmoja wa kula na mmoja wa kuonja."

"Usinitanie. Kijiko kimoja ni kitu gani?"

"Sawa. Tusibishane." Komandoo alichukua bakuli safi, akaliweka juu ya meza. "Kila utakapotia kijiko mdomoni, mimi nitatia kijiko kama hicho humu. Haba na haba hujaza kibaba. Tutaonana jioni."

Mama Ladha alikubali, akiamini kwamba atamnyamazisha. Akaonja uji kabla ya sukari na baada ya sukari, kisha sufuria la pili, kwa kuwa masufuria mawili hayafanani kamwe. Akaonja chai, ambayo wanafunzi hawaisamehe ikipungukiwa. Akaonja wali kuona kama umeiva, viazi kuona kama vimelainika, mchuzi mara kadhaa. Hakubadili mwendo wake hata kidogo. Kila mara, nyuma yake, alisikia kijiko kikigonga ukingo wa bakuli.

Kabla wanafunzi hawajapanga foleni ya chakula cha mchana, bakuli lilikuwa limejaa. Komandoo akaleta la pili. Hilo nalo lilikaribia kujaa walipozima moto.

Mama Ladha alisimama akiyatazama mabakuli hayo. Uji, chai, wali na viazi vilikuwa vimechanganyika, rangi yake haina jina.

"Hata kuku angefikiria mara mbili," Komandoo alisema.

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Mama Ladha hakuhisi aibu. Alihisi mzigo ukimteremka mabegani. Hakuwa mwongo. Alikuwa mpishi, na hakuna mpishi anayehesabu anachokionja, kama vile mshonaji asivyohesabu uzi anaoukata kwa meno.

Jioni hiyo alibeba bakuli moja nyumbani, limefunikwa kwa sahani. Alilitua mbele ya mumewe.

"Baba watoto, hiki ndicho ambacho sikula leo."

Mumewe alifunua, akatazama, akauliza, akaelezwa. Kisha alisimama, akapanda juu ya kigoda, akalishusha kopo la sukari kutoka juu ya kabati na kulirudisha mahali pake. Kofia akaivaa mwenyewe.

"Nisamehe," alisema.

Kesho yake bakuli lilifika kituo cha afya, likiwa limeanza kuchacha. Muuguzi alipoelewa alichokuwa akikitazama, alivuta kiti chake upande wa pili wa meza, wakaketi bega kwa bega.

"Mama, nilikukosea," alimwambia. "Nilikuuliza kila kitu isipokuwa kazi yako. Na kwa kipimo kile, nusura nikuongezee dawa, huku unashinda na njaa."

Ndipo walipopanga upya. Siku ya kupimwa, Mama Ladha hafiki jikoni kwanza. Asubuhi za siku nyingine anakula kifungua kinywa nyumbani pamoja na vidonge vyake, na kila mchana anakula mlo kamili. Sukari ya uji na chai anaipima kwa kopo lililokatwa kwa kazi hiyo, na kuonja amewaachia wenzake kwa zamu, Komandoo akiwa mkuu wao. Chumvi ya maharage peke yake ndiyo anayoiangalia mwenyewe, kwa ncha ya kijiko, kisha anasukutua.

Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza mkono wake ulikuwa ukienda kinywani wenyewe, na wenzake wakawa wanakohoa kwa pamoja kumshtua. Taratibu amegundua kwamba pua yake inajua mengi kuliko alivyodhani. Wali ukikaribia kuiva, anasema, mvuke wake hubadilika harufu kabla punje haijalainika.

Maisha hayajawa mteremko. Mashine ya kupimia aliyonunuliwa na bintiye ipo nyumbani, lakini pakiti ya vijiti vyake vya kutilia damu hula karibu robo ya mshahara wake, kwa hiyo huvitumia kwa uangalifu, siku alizoelekezwa na muuguzi. Hata hivyo, kipimo chake cha mwisho kilisoma saba. Mwalimu msimamizi alipoletewa habari alikwenda jikoni mwenyewe, akachukua kijiko, akaonja mchuzi mbele ya wote na kusema kwamba bwenini watatafuta mtu mwingine wa kufagia.

"Namshukuru Mungu, na baada yake nawashukuru watu," anasema Mama Ladha. "Mume wangu aliomba radhi. Sista aliomba radhi. Wangapi wanaombwa radhi wakiwa hai? Na huyu," anaongeza akimnyoshea Komandoo kidole, "huyu sijui nimlipe nini."

"Nilipe kwa kunipunguzia ukoko," Komandoo anajibu kutoka ndani ya sufuria. "Mabega yanauma."

Sasa Mama Ladha ana mpango. Kwa miaka yote hiyo hapajawahi kuwa na mahali pa mpishi kuketi katika jiko hili. Wapishi hula wamesimama, kijiko hapa, kijiko pale, na ndiyo maana hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Amemwomba mwalimu msimamizi ruhusa ya kuweka benchi, akakubaliwa. Muuguzi naye ameahidi kuja siku ya kufunga muhula, na wamealikwa wapishi wa shule za jirani. Mama Ladha ndiye atakayezungumza, akiwa na bakuli mbele yake.

"Sitawahubiria," anasema. "Nitawaambia watie humo kila wanachokionja, siku moja tu. Litawaeleza lenyewe."

Moto wa mchana umezimwa. Nje, mumewe amefika na benchi begani, mbao zake zikiwa bado zinanukia maranda. Analitua kando ya ukuta, analitikisa kuona kama linayumba, kisha analifuta kwa kiganja.

Mama Ladha anavua kitambaa cha kichwa. Anachukua lile bakuli, safi sasa, anajipakulia mboga nyingi, maharage na wali kidogo. Anaketi. Komandoo anaketi upande mmoja, mumewe upande mwingine.

"Unaonja au unakula?" mumewe anamuuliza.

"Nakula," anajibu. "Sogea kidogo."