Nilikaanga Mbegu za Mama Mkubwa, Nikausingizia Udongo

Nimekosa. Nakiri mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla hamjalisikia jambo hili kwa watu wa Msambweni ambao wameshalitia chumvi. Lakini asije mtu akadhani naandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa. Sikuinamisha!

Mimi si mtu wa kubebwa. Niliondoka kwetu nikiwa muosha masufuria melini, nikafika Uingereza, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya lishe. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Tulipopata Uhuru nikarudi, nikawa mpishi mkuu katika nyumba ya wageni kule Diani. Diploma niliitundika Msambweni, ukutani kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea.

Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, niliwafundisha akina mama wa mtaa habari za chakula bora. Mwanamume kufundisha upishi! Walinicheka mpaka wakashika mbavu.

“Jamani, huyu kavuka bahari kwenda kusomea mwiko!” alisema Mwanakombo, jirani yetu na shoga wa mama mkubwa tangu usichana wao.

Sikujali. Somo la kwanza lilikuwa ufuta, na niliyoyasema siku ile nayasema hata leo. Chembe ile ndogo, ambayo ukiipuliza inaruka, ina mafuta, ina cha kujenga mwili, ina madini ya mifupa na ya damu. Utwange, uutie katika uji wa mtoto. Usage, uupikie mchicha. Unyunyize juu ya mkate wa mofa. Ukamue, upate mafuta ya kupikia na ya kumkanda mzazi. Mna haja gani na kopo la dukani lenye picha ya mtoto mnene? Hayo siyafuti!

Kosa langu ni kibuyu.

Siku ya somo sikuwa na ufuta. Wa dukani ulikuwa mwekundu, umejaa mchanga, nami sikutaka kuonekana na kitu duni mbele ya watu. Mama mkubwa alikuwa amekwenda matangani Vanga. Jikoni kwake, juu ya mafiga, kilining'inia kibuyu cha ufuta mweupe, uliochanganywa na majivu ili wadudu wasiuharibu. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba kinachoning'inia juu ya moto ni mbegu, hakiliwi.

Nilijua. Nilikishusha.

Niliupepeta, nikaukaanga wote kwa moto mdogo, kama nilivyosomeshwa. Mtaa mzima ulinukia! Akina mama wakaonja, wakalamba vidole.

“Mweupe huu umeutoa wapi?” akauliza Mwanakombo.

“Nimekuja nao kutoka Diani,” nikajibu.

Siku hiyohiyo wakaanza kuniita Bwana Daktari wa Chakula. Loo, lilikuwa jina tamu!

Ufuta uliobaki ulizidi nusu. Nikaurudisha kibuyuni, nikautia majivu, nikakitundika palepale. Kitu kilichokaa juu ya moshi miezi yote hiyo, nani angenusa tofauti?

Mvua za vuli zikaja. Mama mkubwa akapanda. Siku zikapita, shamba likabaki kama uwanja uliofagiwa. Haukuota hata mche mmoja!

Hapa nieleze jambo moja. Shamba lile lilikuwa la marehemu mumewe. Shemeji yake, bwana Hamisi, alikuwa akilimezea mate siku nyingi ili apande mikorosho. Lakini kwetu mtu hapandi mti mahali penye mazao ya mwenzake, na mti ukishapandwa, aliyeupanda ndiye mwenye neno. Ufuta ule ndio uliokuwa ukuta wa mama mkubwa. Msimu baada ya msimu aliupanda, na bwana Hamisi akabaki kutazama.

Basi akaniita. “Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Njoo uniangalizie shamba, mbegu zangu hazijapata kunifanyia hivi.”

Nilikwenda na viatu vyangu vya ngozi. Bwana Hamisi alikuwapo, na majirani wawili watatu. Nikachota udongo, nikaufikicha, nikaunusa kama mtu anayejua anachonusa. Kumbe ninachokijua ni kukaanga!

“Udongo umechoka,” nikasema.

“Umechoka?”

“Umechoka kabisa, mama.”

Akaniangalia kwa imani yote aliyokuwa nayo. “Haya. Kama diploma imesema, mimi ni nani?”

Bwana Hamisi hakungoja. “Nilikwambia, shemeji! Mkorosho hauchagui udongo. Niachie mimi, usijichoshe.”

Siku tatu zilipita kabla miche yake ya mikorosho haijatiwa ardhini. Siku tatu nzima! Neno moja tu lingetosha, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza kwa sababu ya lile jina la Daktari.

Aliyenifichua ni Mwanakombo. Alikuja kumpa shoga yake pole, akakishusha kile kibuyu, akakung'uta punje zilizobaki mle ndani na kuzitafuna polepole.

“Shoga, hizi zimekaangwa,” akasema. Kisha akanigeukia. “Diani, eh?”

Ningeweza kukana. Wallahi, ulimi ulishajiandaa! Lakini mama mkubwa alikuwa ameketi chini ya ile diploma, ananitazama mimi, si ile karatasi.

“Ni mimi,” nikasema.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Hukukaanga ufuta, mwanangu. Umenikaangia shamba.”

Nikamwendea bwana Hamisi, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba aing'oe miche yake. Alicheka mpaka akakohoa.

“Si wewe uliyesema udongo umechoka, mbele za watu? Sasa umepumzika?”

Miche ikabaki.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikawaeleza yote. Wakangoja niseme nimeacha kufundisha. Sijaacha! Wengine wakanishauri niishushe diploma ukutani. Haishuki! Karatasi ile haikudanganya mtu, aliyedanganya ni mimi. Kisha nikawapa somo la mtama.

Mbegu nyingine za ufuta nilizifuata kijijini Majoreni, kwa binti yake Mwanakombo, aliyechukua ufuta uleule mweupe wa mama mkubwa alipoolewa. Alinipimia kikombe kimoja, akakifunika kwa kiganja chake.

“Za kupanda hizi, Bwana Daktari. Ukitaka za kukaanga, kakaange korosho za bwana Hamisi.”

Nikalimeza hilo pia.

Kwa kuwa mikorosho ingali midogo, bwana Hamisi amekubali ufuta upandwe katikati ya mistari, mpaka matawi yatakapokutana na kuleta kivuli. Naulima mimi, kila Ijumaa asubuhi, bila viatu. Msimu huu ufuta umeipita mikorosho kwa kimo. Msimu ujao sina hakika. Mama mkubwa hupita akipima kwa macho, na macho hayo ndiyo yanayonichoma kuliko matusi.

Nawe uliyerudi nyumbani na karatasi yako, nisikilize. Usimwogope anayekucheka. Wafundishe watu kula ufuta, nao ni chakula cha haki! Lakini ukikosea, sema siku hiyohiyo, ungali unanuka moshi, kabla mtu hajachimba shimo la kwanza la mche wake. Mimi nilichelewa siku tatu.