Mshipa wa Shingo ya Mrina Asali

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikipita hospitali ya Kitete, mwanangu. Nilikuwa binti mbichi, najifunza uuguzi katika hospitali ndogo ya misheni nje ya Tabora, enzi za Mwingereza. Aproni yangu niliitia wanga hadi ikakaribia kusimama yenyewe, na kichwa changu kilikuwa kigumu vivyo hivyo.

Mama Kalunde alimleta mumewe, mrina asali, kutoka Sikonge. Siku tatu alisukuma baiskeli, mume ameketi nyuma, kavimba miguu na tumbo. Akanieleza kwamba nyumbani mumewe hulala ameketi, na shingo yake huchezacheza. Nikamkatiza. Nilimwambia kinachoumwa ni tumbo, ya shingo tuyaache. Nikamlaza mgonjwa chali.

Haukupita muda akawa anatafuta pumzi kama mtu anayezama.

Mzee Matias, mganga msaidizi wetu, ndiye aliyemwahi. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na yeye pia alitembea polepole, kama mwenye mzigo begani. Hakunigombeza. Alimwinua mgonjwa, akamwegemeza kwenye mito, akafungua dirisha mwanga uiangukie shingo kwa upande.

"Tazama hapa, binti."

Ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka, mara mbili kwa kila pigo la moyo, juu karibu na taya. Nikagusa, kidole hakikusikia kitu.

"Huo mshipa unarudisha damu moyoni," akasema. "Moyo ukijibana, wimbi hurudi nyuma. Kwa mtu mzima wa afya huishia chini, hulioni akiketi. Moyo wa huyu umelemewa, damu imejaa mlangoni. Mkewe hakukwambia?"

"Aliniambia. Nikamnyamazisha."

"Basi kamwombe radhi, kisha umsikilize."

Nilimkuta barazani, nikapiga goti. Alinieleza yote, tangu masika yaliyopita. Daktari akampa mgonjwa dawa ya moyo na ya kukojoza, uvimbe ukapungua, na wimbi likashuka shingoni siku baada ya siku. Mrina yule aliishi misimu mitatu zaidi ya asali.

Mzee Matias amelala zamani. Mimi bado natazama shingo za watu kanisani, Mungu anisamehe.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujamwambia mtu ugonjwa wake, mwulize anayemuuguza. Na ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo.

Mungu akupe macho ya kuona na goti jepesi. Na siku utakapougua wewe, akujalie muuguzi atakayewasikiliza wakupendao.