Hatua Tisa za Msitu

Bibi Hatua hakumwamini mtu, na ndiyo maana mji ulimkabidhi msitu. Msitu wenyewe si wa kutisha: ni miti ya zamani iliyoizunguka chemchemi inayonywesha mji mzima, na mashamba yameibana pande zote. Zamani mpaka uliwekwa mawe, lakini mawe yakawa na tabia ya kutembea bila miguu. Kamati ya maji ikapanda mikonge. Kwa kuwa mkonge nao hung'oka ukapandwa kwingine, ikamchagua mtu wa kuhesabu.

Mtu huyo ni yeye. Kila mwaka wa pili, baada ya mavuno, alisimama kwenye kizingiti cha jirani mmoja wa msitu, kwa zamu, akavua kandambili, akahesabu hatua mpaka kwenye mikonge. Hesabu ikizidi ile ya daftari, basi shamba limenenepa na msitu umekonda. Adhabu ni moja: shamba lote linarudi msituni. Mwaka juzi mfinyanzi alizidisha hatua nne. Aliapa kwa watoto wake kwamba hajagusa mkonge hata mmoja. "Njia ya mwongo fupi," Bibi Hatua alimjibu mbele ya watu, na mfinyanzi akafungasha vyungu vyake akahama.

Sasa ilikuwa zamu ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Macho ya fundi yalishagoma kutunga uzi kwenye sindano, na shamba lile ndilo lililobaki kumlisha yeye na mkewe. Daftari lilisema hatua mia na kumi na mbili. Bibi Hatua alihesabu mia ishirini na moja.

Siku iliyofuata alirudi akijifanya anatafuta kuni. Udongo kwenye mashina ya mikonge ulikuwa mbichi, umetifuliwa majuzi tu. Akainama, akaunusa. Nyuma yake fundi akaibuka na jembe.

"Shikamoo, shemeji. Mbona umeinama hivyo, umeangusha kitu?"

"Marahaba. Udongo huu umechimbwa na nani?"

"Na mimi. Si mlisema tung'oe machipukizi? Ngoja nikupe boga ukapike."

Boga! Mtu hakupi boga hivihivi siku unayomkagua. Alilipokea, maana boga halina kosa, lakini machale yalishamcheza. Akaanza kuyaunganisha: udongo, jembe, boga, na ule ukarimu wa ghafla. Kikulacho ki nguoni mwako. Na ndiyo, ilimuuma, kwa sababu huyu ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya mwanawe bila kumdai kitu. Hata hivyo alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, akamwambia, "Tisa. Kala hatua tisa."

Jumamosi kamati nzima ilikuja, na majirani wakaja nyuma yao, maana hakuna anayependa kusimuliwa aibu ya mwenzake. Bibi Hatua akavua kandambili, akazitia kwapani na kuhesabu kwa sauti, huku amelishika goti la kulia ambalo lilimsumbua tangu alipoteleza kwenye njia ya chemchemi miaka mitatu nyuma. Mia ishirini na moja. Mke wa fundi akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Fundi hakupiga kelele. "Shemeji, usiishie hapo. Hesabu na upande wa pili, kutoka hapa mpaka kwenye mwamba wa chemchemi. Daftari linasema ngapi?"

"Themanini," mwenyekiti akasoma.

"Kama nimeiba tisa, zitabaki sabini na moja. Twende."

Upande ule hakuwa ameuhesabu kwa miaka mingi, kwa sababu ya mteremko. Akaingia mitini akijua anachokwenda kukuta. Sabini. Sabini na moja, na mwamba bado uko mbele. Themanini. Sauti yake ikaanza kupungua. Alipougusa mwamba kwa kidole cha mguu, alikuwa amefika themanini na saba.

"Eti shamba limekua na msitu nao umekua?" mtu mmoja akauliza. "Au na mwamba umehamishwa?"

Watu wakacheka. Bibi Hatua hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu yake, ule wa kushoto unaotangulia na ule wa kulia unaokuja kwa kuburuzwa, na nafasi ndogo iliyobaki katikati.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa huruma. Akakohoa, akasema, "Labda daftari lilikosewa tangu mwanzo. Tuandike hivyo, mambo yaishe."

Angeweza kuitikia. Fundi angebaki na shamba lake, yeye angebaki na msitu wake, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Fundi mwenyewe alikuwa anampa ishara kwa kichwa taratibu, kama anayemwambia kubali, shemeji, yameisha.

"Daftari halina kosa," Bibi Hatua akasema. "Andika kwamba hatua zangu zimefupika. Andika na mwaka zilipoanza kufupika, miaka mitatu sasa." Akaketi juu ya mwamba kuvaa kandambili, na kidole kikakosa ugwe wake mara mbili. "Halafu nielekezeni. Mfinyanzi alihamia wapi?"

Hakuna aliyejua.