Kumzika Mama Kabla Baba Mkubwa Hajafika

Mama alikata roho asubuhi, chai yake ikiwa bado moto kando ya kitanda, na kitu cha kwanza kilichonishika hakikuwa huzuni. Kilikuwa woga. Nilimshika mkono huku nikimwaza baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kule Meru, na simu ambayo ilikuwa lazima nimpigie.

Mama alikuwa ameniapisha. Baba alipokufa alilala mochari wiki baada ya wiki, huku kamati ya mazishi ikikutana kwetu kila jioni, baba mkubwa akiwa mwenyekiti. Wakanywa chai, wakala mikate, wakachinjiwa mbuzi, wakaahirisha. Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Baba akazikwa kwa mahema na vipaza sauti, na mama akauza cherehani na nusu ya ploti ili kulipia hayo yote.

"Mimi nikifa leo, kesho niwe chini," aliniambia. "Mbao za kawaida, leso yangu, wimbo mmoja. Ukiniacha nilale kwenye ile baridi, sikusamehi." Na mama hakuwa mtu wa mzaha. Alipokuwa akiuza sukuma wiki sokoni, ukimpunja alikufuata mpaka kwako.

Kuahidi ni rahisi. Lakini kwetu mtu mzima akizikwa haraka, watu hawasemi alipenda mambo madogo. Wanauliza: mbona haraka? Mnaficha nini? Nani alimpa chakula cha mwisho? Na chakula nilikuwa nikimpa mimi, kijiko kwa kijiko.

Nikapiga simu. "Kesho?" baba mkubwa akasema. "Umemfanyia nini mama yako, wewe? Msimguse mpaka nifike. Mkimzika kama kuku nitakuja na polisi, afukuliwe." Akakata.

Jirani yetu, mama wa Kiborana tuliyepakana naye ua tangu nikiwa mtoto, aliingia akamfunika mama uso, kisha akaniangalia vizuri.

"Unalia ama unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Basi ogopa ukitembea. Enda kwa chifu. Sisi Waislamu maiti hangoji watu. Kuchimba, vijana wangu wako."

Nikatembea. Chifu naye akauliza mbona haraka. Nikamwonyesha barua ya hospitali iliyosema ini lilikuwa limekwisha, ndiyo maana walikuwa wameturudisha nyumbani. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, na mimi jasho linanitiririka mgongoni utadhani nimeiba ng'ombe. Mwishowe akanipa kibali cha kuzika. Fundi wa mbao akaniuliza kama nataka vanishi, kioo, vishikio vya kung'aa. Nikamwambia mbao tupu. "Haya, ni mama yako," akasema, na haki ya Mungu kidogo nimrushie nyundo yake.

Kesho yake vijana walikuja mapema na sururu. Walikuwa wakimwita mama akko, yaani shosho, nyanya yao, na hawakutaka hata shilingi. Mmoja akaingia ndani kwa adabu, akampima mama kwa fito kutoka kichwani hadi miguuni, akatoka. Wakachimba nyuma ya nyumba, kwenye ile nusu ya ploti iliyobaki. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza magari. Kila moja lililopunguza mwendo pale barabarani lilinipeleka getini kuchungulia. Pasta alipoanza kuomba, nilitamani kumwambia Mungu ameshasikia, afupishe.

Tukateremsha sanduku. Likakwama.

Wale vijana walichimba kaburi wanalolijua wao. Waislamu humteremsha mtu akiwa ndani ya sanda, hana sanduku, basi kaburi lao huwa jembamba. Walipima urefu wa mama. Upana wa mbao hakuna aliyeufikiria, hata mimi niliyezinunua. Mama akabaki ananing'inia juu ya shimo kwa kamba. Nikasikia mtu nyuma akinong'ona kwamba marehemu amekataa.

Ndipo gari likasimama getini.

Baba mkubwa aliingia na bakora yake, pumzi zikimkata. Polisi hakuwa naye. Akatazama sanduku, akatazama kaburi, akanitazama mimi.

"Aliniapisha," nikasema kwa sauti ambayo sikuijua. "Baba mkubwa, niite mchawi ukitaka. Lakini mochari haendi."

Akaashiria kwa bakora wamrudishe juu, nikajua tayari anamchukua. Sanduku likawekwa kando. "Sasa panueni," akawaambia vijana. "Mnangoja nini?"

Akaletewa kiti, akakaa karibu na mama. Sururu zikagonga mawe kwa muda mrefu. Sikuthubutu kumkaribia; nilimwona tu akiupapasa ule ubao usiopakwa rangi, mara kwa mara, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Aliikumbuka kamati yake? Sijui. Na mimi ningeanzia wapi kumuuliza?

Safari hii mama alishuka bila kugusa popote. Tukaimba wimbo wake mmoja. Watu walipoanza kuondoka, baba mkubwa aliniita. Nikaenda nikitetemeka, nikijua sasa ndiyo zamu yangu.

"Vijana hawa," akasema polepole, "siku yangu ikifika, uje nao Meru. Lakini wapime na upana wa sanduku. Mimi ni mnene kuliko mama yako."

"Na wanao, baba mkubwa? Si watataka mambo makubwa?"

Alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi na ulikuwa ukitetemeka kama wangu.

"Hao ndio ninaowaogopa," akasema.