Vitunguu vya Maua

Kila ninapopita dukani kwenye mifuko ya vitunguu vya maua, vile vinavyozikwa kabla theluji haijaanguka ili vichanue ikishayeyuka, ile harufu ya udongo hunirudisha utotoni, chini ya dirisha la fleti yetu ya Etobicoke, ughaibuni.

Mama alikuwa amechuchumaa anapanda, na aliyemshikia mfuko hakuwa mimi. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, aliyeletwa kutoka Tanga mwaka ule. Akiitwa, aliitika, "Abee, mama." Mimi niliitika, "Yes?"

"Ncha iangalie juu, mwanangu," mama alimwambia.

Mwanangu. Hilo lilikuwa neno langu.

Walipoingia kunywa chai nilivifukua vyote, nikavigeuza ncha chini, nikafukia. Vidole vilikufa ganzi.

Theluji ikaja, ikakaa, ikaondoka. Asubuhi moja mama aliita kutoka nje, "Mwanangu, njoo uone."

"Abee," niliitika, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikatoka mbio.

Maua mekundu yalikuwa yamechanua yote, kana kwamba sikugeuza kitu.

"Si wewe," mama alisema, bila kugeuka. "Mwite mwenzio aje aone kazi ya mkono wake."