Kindi Ndani ya Kochi Langu

Mume wangu ni fundi wa makochi, tena si fundi wa kubahatisha. Akikutengenezea kochi, watoto watalirukia, wakue, waoe, na halitalia hata mara moja. Watu wanatoka mitaa ya mbali kumtafuta. Wakishafika nyumbani kwetu na kutazama huku na huku, huniuliza, "Sasa mama, nyinyi mnakaa wapi?" Nawaonyesha stuli mbili za plastiki na mkeka. Wanacheka wakidhani nawatania. Mimi sina utani na mtu.

Sebule yetu ndiyo karakana yake. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya gundi, ukipiga hatua unakanyaga vipande vya sponji, na usipoangalia unapokaa, msumari utakutia adabu. Makochi huingia humu mifupa mitupu ya mbao, yananenepa mbele ya macho yangu, kisha yanabebwa. Kazi yangu mimi ni kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Nasimama kutwa nzima kwenye mvuke. Nikirudi jioni magoti yanawaka moto, nami navuta stuli yangu na kukaa mgongo wima kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina, huku mbele yangu kuna kochi la watu watatu nisiloruhusiwa kuligusa kwa sababu lina mwenyewe.

Si kwamba hajawahi kunitengenezea. Amenitengenezea mara nyingi, na hapo ndipo ninapotamani kupiga kelele. Kila akimaliza la kwetu anazuka mteja, analipapasa, anasema, "Fundi, mimi nataka hili hili," na mume wangu anatoa neno lake: "Haina shida." Mtaa mzima utakuambia ni mtu mwema. Jirani akitaka ngazi, haina shida. Dada yake akitaka ahamishiwe kabati siku ya mvua, haina shida. Hajui kumkatalia binadamu yeyote isipokuwa mimi, na mimi hunikatalia bila hata kuinua macho kwenye kazi yake.

Aliyefaidi makochi ya nyumba hii ni paka tu. Tunamwita Mwenyekiti, maana tangu aletwe humu hajawahi kulala sakafuni. Ni mnene, ana sharubu za mtu mwenye cheo, na kazi hajui. Panya akipita anageuza uso upande wa pili, kana kwamba si vizuri kumkodolea macho mpita njia.

Safari hii lakini nilisimama kidete. Kitambaa nilichagua mwenyewe, cha kijani iliyokolea, laini, cha kukufanya uweke shavu. Nikamwambia mume wangu, "Hili nalo likitoka, mimi na wewe hatutaelewana tena." Akacheka, akasema, "Hili ni lako, mama watoto. Safari hii kweli." Alivyosema "safari hii kweli" nilijua hata yeye anazikumbuka zile nyingine.

Siku aliyolimaliza ilinikuta niko mapumzikoni. Kochi lilikuwa limepinduliwa miguu juu, limebaki kufungwa kitambaa cheusi cha chini tu. Mume wangu akatoka kwenda uani kupokea simu. Mimi nilikuwa nafagia vipande vya sponji, na Mwenyekiti amejilaza juu ya rundo la sponji mpya, tumbo wazi. Dirisha lilikuwa wazi ili harufu ya gundi itoke. Basi kupitia hapo hapo dirishani akaingia kindi.

Alikuwa mdogo, mkia mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Akatua sakafuni, akasimama kwa miguu ya nyuma, akakunja mikono kifuani, akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akafungua jicho moja. Akafungua la pili. Nikasema moyoni, leo angalau huyu mla bure ataonyesha kazi. Kweli akainuka, manyoya yakasimama, mkia ukamfura, akanyata hatua moja. Kindi naye akapiga hatua moja kumfuata. Mwenyekiti akasita. Kindi akatoa kelele kali, kama bawabu anayefukuza watu getini, na paka wangu mimi, ninayemlisha kwa mkono wangu, akarudi nyuma hadi akaangukia kwenye ndoo ya vifungo. Vifungo vikatawanyika sebule nzima. Kindi kusikia kishindo akachomoka, akapanda kochi lililopinduliwa, akazama ndani kati ya springi, kimya.

Mume wangu akarudi. "Nani kamwaga vifungo?"

"Kuna kindi ndani ya kochi."

"Kindi gani?"

"Kindi. Mnyama. Ameingia dirishani, kampiga mkwara paka, kaingia humo."

Akachungulia ndani ya kochi kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kupiga chafya. "Hakuna kitu. Ameshatoka zamani." Akatandaza kile kitambaa cheusi, akajaza misumari mdomoni, akachukua nyundo.

"Usifunge! Nakuambia hajatoka. Nimesimama hapa hapa."

"Mama watoto, mimi ndiye fundi," alisema katikati ya misumari, na akaanza kugonga.

Nilitaka kumnyang'anya ile nyundo. Lakini ukishaishi na mtu asiyeambilika, kuna wakati unaona bora umwache akutane na mambo mwenyewe. Akagonga msumari wa mwisho, tukaligeuza, likasimama kwa miguu yake. Lilikuwa zuri jamani. Nikasahau kindi, nikageuka nikae.

"Bado!" akasema. "Acha kitambaa kitulie kwanza."

Nikarudi kwenye stuli.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuliamini neno langu. Alikwenda akaketi mbele ya kochi, akalikazia macho pale chini ya mkono wa kushoto, na hakubanduka. Sahani yake ya chakula nilimwekea, hakuitazama, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Ndani ya kochi kukasikika kwaru, kwaru. Nikamtazama mume wangu.

"Hiyo ni sponji inajinyoosha," akasema. "Sponji mpya ndivyo ilivyo."

"Na sponji mpya inapiga chafya?"

Alikimbilia mlangoni. Mtu alikuwa anabisha hodi, na aliyeingia ni mwenye saluni ya barabara kubwa, mwanamke wa maneno matamu na kucha ndefu, aliyekuja kuulizia benchi la wateja wake. Hilo benchi hatukuliongelea hata kidogo. Alipoliona kochi langu alishika kifua.

"Fundi! Unanificha vitu kama hivi? Mimi nataka hili hili."

Mume wangu akacheka kile kicheko chake cha kukuna shingo. Nakijua. Ndicho kinachotangulia lile neno. Nikawahi. "Dada, hilo ni la hapa nyumbani."

"Ah, wifi yangu," akasema, wakati undugu wetu hata sijui ulianzia wapi, "wewe una fundi ndani ya nyumba. Atakutengenezea lingine hata kesho. Sivyo, fundi?" Na akaketi. Katikati kabisa. Kitambaa kwake hakikuwa na haja ya kutulia. Nilimtazama mume wangu nikisubiri amwambie "Bado!" kama alivyoniambia mimi. Alikuwa anatabasamu tu.

Mgeni akajibwagabwaga mara mbili tatu kupima springi. "Lo, fundi, springi zako zina uhai! Moja inatembea."

"Ni sponji," akasema mume wangu, sauti imepungua.

Mwenyekiti hapo akaona wakati wake umefika. Akalala ubavu, akapenyeza mkono kwenye upenyo mdogo pembeni mwa kile kitambaa cheusi, akaanza kupapasa ndani kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kabati. Akapapasa. Akanyoosha zaidi, shavu limebanwa sakafuni. Halafu uso wake ukabadilika. Kindi alikuwa amemng'ata. Sijawahi kusikia paka akipiga ukunga wa namna ile. Akaruka juu bila kuchagua njia na kutua mapajani mwa mwenye saluni, akatumia nywele zake kama ngazi, akaishia juu ya pazia. Mwenye saluni naye akaruka, akapiga makelele, na chini yake kochi zima likawa linakwaruzwa kama kuna seremala ndani.

"Kuna nini humo?" akauliza akiwa ameshafika mlangoni.

"Kindi," nikasema. "Nimesema tangu mwanzo. Humu ndani mimi nikisema ni kama redio."

Ningekuwa mimi ndiye mteja ningeondoka nisirudi. Lakini yule mama alizitengeneza nywele zake, akalitazama tena kochi, akacheka. "Mnyama si atolewe tu? Fundi, mtoe, ushone upya, nami nitatuma gari lije kulichukua jioni."

Mume wangu akakuna shingo. "Haina sh..."

Sikumngoja amalize. Nilivuka ile sebule, nikakanyaga vifungo, na nikaketi kwenye kochi langu. Nilikaa kwa uzito wote niliojaliwa. Chini yangu kindi akakurupuka, akapita mgongoni, akarudi, akapita tena. Nikajikaza, nikakunja mikono kifuani.

"Wifi, inuka, utaumwa!" akasema mwenye saluni.

"Aniume."

"Mama watoto," mume wangu akanong'ona, "usinitie aibu mbele ya mteja."

"Nimesimama kutwa nzima miaka yote hii," nikamwambia. "Nasimama kazini, nikirudi nakaa kwenye stuli natazama makochi ya watu. Sitaki lingine la kesho. Mwambie hapana."

"Lakini yeye ni mt..."

"Mwambie. Neno unalijua. Mimi unaniambia kila siku."

Hata kindi alitulia. Mume wangu alinitazama, akamtazama mteja, jasho likamtoka puani. Nimemwona aking'oa misumari yenye kutu kwenye mbao ngumu, lakini sijamwona akihangaika hivyo. Mwishowe akasema, akitazama sakafu, "Hapana, dada. Hili ni la mke wangu. Tuongee habari ya benchi."

Mwenye saluni alibenua mdomo, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka na unyoya wa paka begani.

Mume wangu akapiga magoti nyuma ya kochi, akang'oa misumari michache, akavuta kitambaa. Kindi akatoka taratibu, hana haraka, mdomoni ana bonge la sponji. Akasimama juu ya sanduku la vifaa akitutazama mmoja mmoja. Mwenyekiti kule juu ya pazia alikuwa ameanza kulamba mkono wake na kutazama ukutani, hakumwona kabisa. Kindi akaruka dirishani, akaenda zake.

"Haya," akasema mume wangu, akipangusa jasho. "Inuka basi tulipindue, nifunge chini."

"Siinuki."

"Sasa nitafungaje?"

"Wewe ndiye fundi."

Alisimama pale akinitazama. Nilikuwa bado na hasira, kwa hiyo sikutabasamu. Akaenda akatandika gunia sakafuni, akalala chali, akajivuta chini ya kochi mpaka ikabaki miguu tu nje. Nikasikia anatafuta msumari kwa kupapasa. Kisha nyundo ikaanza kugonga kutoka chini, na kila pigo nilipigwa nalo makalioni. Alipomaliza akajikokota nje, vumbi usoni, akanyoosha mkono ili nimwinue.

Sikuinuka.