Fomu ya Kumsifu Kerubo

Wazazi wenzangu, leo fomu ya shule imenishinda.

Kerubo wangu yuko darasa la kumi na moja na tumeanza kutafuta chuo. Mshauri wa shule ametuma fomu ya mtandaoni. Eti mzazi amsifu mtoto wake, ili mshauri naye apate cha kuviandikia vyuo.

Kumsifu? Mimi nimelelewa Kisii. Kwetu mtoto wako anasifiwa na jirani!

Nikajaribu hivyo hivyo, wakati wa brek kazini, huku Maplewood, Marekani. Nikaandika: ana adabu, anasali, anaosha vyombo bila kuambiwa. (Hiyo ya vyombo ni uongo.)

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha. Akasoma yote, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba huyo si yeye, ni yule msichana wa hadithi ninazomsimulia nyanya yake kwenye simu.

Wueh.

Nikamwambia, haya, jaza wewe. Akajaza kwa dakika tano, kana kwamba ni mimi ninayeandika. "Binti yangu anapenda kuchora nyuso za watu. Ana madaftari manne yamejaa."

Madaftari manne! Na nyumba tunayokaa ni hii hii moja, wala sijawahi kuona hata daftari moja!

Swali la mwisho akaniachia mimi: "Mtoto akiondoka, nyumba yenu itapungukiwa na nini?"

Nikaandika: "Kila kitu."

Fomu imekataa kwenda. Inataka sentensi tatu.

Bado niko hapa jikoni. Aliye na hizo mbili zingine anitumie, tafadhali.